Kupanga safari ya Nyuzilandi: anza na umbali, mengine yatafuata

Nyuzilandi iko mbali na kila mtu. Hata Australia, ambayo kwenye ramani ya dunia unaona kama wamepakana, kutoka Sydney mpaka Auckland ni zaidi ya kilomita 2,000 za bahari tupu, na huyo ndo jirani mkubwa wa karibu. Ukishuka zaidi kusini unakutana na Antaktika. Kwa hiyo yeyote anayekwenda kule, atoke bara lolote, anakwenda mbali, na nimekuja kuona kwamba ukiuelewa huo umbali vizuri basi karibu kila swali la kupanga safari linapata jibu lake hapo hapo.

Mimi na dada yangu tumekuwa tunaipanga hii safari kwa muda sasa, jioni jioni, yeye na daftari lake mimi na ramani, na tunabishana sana maana yeye anataka kuona kila kitu na mimi nataka kuona sehemu chache kwa kukaa. Naandika nilichojifunza mpaka sasa, na sifichi kwamba naipenda hii nchi kabla hata sijaikanyaga.

Kwanza tuanze na swali la kwa nini kule kuna pori la namna ile. Ile ardhi ilijitenga na bara kubwa la zamani la Gondwana miaka kama milioni 80 iliyopita, ikabaki peke yake baharini, na mpaka binadamu wanafika hapakuwa na mamalia wa nchi kavu wenyeji isipokuwa popo. Popo tu jamani. Hakuna paka, hakuna panya, hakuna swala, hakuna chochote cha miguu minne chenye manyoya kinachotembea msituni, sili walikuwepo lakini hao ni wa pwani. Sasa zile nafasi zote ambazo kwingine zimeshikwa na wanyama, kule zilishikwa na ndege. Kulikuwa na moa, ndege asiye na mabawa kabisa, alikuwa anakula majani msituni na wakubwa wao walifika kilo zaidi ya 200, na kulikuwa na tai mkubwa mno aliyekuwa anawawinda hao hao moa. Kuna kiwi anayetembea usiku akinusa ardhi kutafuta minyoo, matundu ya pua yako kwenye ncha ya mdomo, na yai moja la jike linakaribia moja ya tano ya uzito wake mwenyewe. Halafu kuna kākāpō, kasuku wa kijani asiyeruka, dume linaweza kufika kilo 4, na akishtuka anaganda pale pale alipo asionekane. Hiyo mbinu ilimfaa miaka na miaka kwa sababu adui yake alikuwa tai, na tai anatafuta kwa macho. Kwa adui anayetafuta kwa pua haimsaidii kitu.

Na adui wa pua alikuja. Wapolinesia, watu wa visiwa vya Pasifiki na mababu wa Wamaori ambao ndo wenyeji wa kule, walifika kwa mitumbwi yao kati ya mwaka 1250 na 1300 hivi, na hiyo ndo ilikuwa nchi kavu kubwa ya mwisho duniani kupata watu ukiitoa Antaktika. Walikuja na mbwa na panya, na ndani ya kama karne mbili moa wakawa wameisha. Baadaye Abel Tasman akaiona mwaka 1642, James Cook akaja 1769, na wazungu waliofuata wakaja na vitu vingi. Walileta posamu, mnyama mwenye manyoya anayepanda miti, kutoka Australia kuanzia 1837 kwa ajili ya biashara ya manyoya, wakaleta sungura, sungura wakazaana mpaka wakawa balaa la wafugaji, basi miaka ya 1880 wakaleta stouti, kanyama kadogo kembamba ka jamii ya kicheche, wawale sungura. Wataalamu wa ndege walipinga, hawakusikilizwa. Stouti akaingia msituni akakuta ndege wasioruka, mayai yako chini, vifaranga viko chini, akawamaliza.

Leo kwenye misitu isiyolindwa, vifaranga vya kiwi kama 95 kati ya 100 vinakufa kabla ya kukua. Kākāpō mwaka 1995 walibaki 51 dunia nzima. 51! Walihamishiwa visiwa vidogo visivyo na panya wala stouti, kila mmoja akapewa jina na kifaa cha redio cha kubeba mgongoni, na mwaka 2022 walifika 252. Serikali mwaka 2016 ilitangaza lengo kwamba ikifika 2050 nchi nzima iwe haina panya, stouti wala posamu. Mimi nikisoma hivyo napata moyo sana, maana ni watu wachache, milioni 5 na kitu, wameamua kurudisha kitu ambacho dunia nzima ilishaona kimeenda.

Sasa kwa nini nasimulia haya yote kwenye makala ya kupanga safari? Kwa sababu ya viatu.

Ukifika uwanja wa ndege kule, maswali makali hayaishii kwenye pasipoti, kuna ya mzigo. Buti ulizopandia milima kwingine, hema, fimbo za kutembelea, chakula, mbegu, kitu chochote cha mbao au cha mmea, unatakiwa kukitaja kwenye fomu ya kuingilia. Ukisahau tunda moja kwenye begi na hukulitaja, faini ni dola 400 za Nyuzilandi hapo hapo. Asali usibebe kabisa. Wengine wanaona usumbufu, ila ukishajua habari ya stouti na kākāpō unaelewa kwamba udongo kwenye soli ya buti unaweza kubeba ugonjwa ambao ile misitu haijawahi kukutana nao. Tayari kuna ugonjwa unaoua miti mikubwa ya asili iitwayo kauri kule kaskazini, unasambaa kwa udongo, na kwenye njia za kuingilia misitu ya kauri kuna vituo vya kusugua na kupulizia viatu dawa kabla ya kuingia na wakati wa kutoka. Mti maarufu kuliko yote, Tāne Mahuta, uko msitu wa Waipoua, una urefu wa zaidi ya mita 45 na umri wake unakadiriwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mti wa hivyo uuliwe na tope la mgeni aliyekuja kupiga picha? Kwa hiyo kwenye orodha yetu cha kwanza kabisa, kabla ya tiketi, ni kusugua buti kwa brashi na sabuni mpaka kwenye mifereji ya soli, kukausha hema kabisa, kukung'uta mifuko ya begi. Na ukiwa na wasiwasi na kitu, kitaje. Ukikitaja wanakiangalia, wakiona kina tatizo wanakisafisha au wanakichukua, hakuna faini kwa kutaja.

Haya, ratiba. Hapa ndo mimi na dada tumegombana.

Nyuzilandi ina visiwa viwili vikubwa, cha Kaskazini na cha Kusini, halafu chini kabisa kipo cha tatu kidogo, Rakiura, wengine wanakiita Stewart Island. Ukiangalia ramani unaona vinaungana vizuri, kilomita za mraba kama 268,000, unajiambia nitaanza Auckland juu nitashuka mpaka chini. Dada aliandika hivyo hivyo: Auckland, Rotorua, Tongariro, Wellington, feri, Kaikōura, Christchurch, Aoraki, Queenstown, Milford, Rakiura. Nikamwambia, dada, hiyo ni kazi ya dereva wa basi. Auckland mpaka Wellington peke yake ni kama kilomita 640, na barabara sio za kunyoosha mguu kwenye mafuta, ni kona, milima, madaraja ya njia moja ambayo unasimama kumpisha wa mbele, kwingine ni changarawe. Safari ambayo programu ya ramani inakwambia ni ya saa nne, kwa hali halisi unafika baada ya saa tano na nusu, tena hujasimama kuangalia chochote. Feri ya Wellington kwenda Picton inachukua kama saa tatu na nusu na ule mlangobahari wa Cook unajulikana kwa upepo, siku ikichafuka feri haiondoki.

Akaniambia, "Mdogo wangu, tukishafika mbali hivyo, turudi bila kuona nusu ya nchi?" Na mimi namwelewa kabisa, ndo maumivu yenyewe ya umbali, ukilipa nauli ya namna ile unataka kila shilingi irudi. Lakini naona umbali unatufundisha kinyume. Kama umekwenda mbali kwa ajili ya pori, basi lipe pori muda, maana pori la kule linafunga mlango linapotaka. Tumekubaliana Kisiwa cha Kusini peke yake. Sio kwamba Kaskazini hakuna kitu, Tongariro ni hifadhi ya taifa tangu karne ya 19, ilianzia kwa chifu Horonuku Te Heuheu kutoa vilele vitakatifu vya kabila lake mwaka 1887 ili vilindwe, na mto Whanganui mwaka 2017 ulipewa na sheria hadhi ya mtu mwenye haki zake. Ningependa sana kuviona vyote hivyo. Vitakaa.

Kusini ndo kuna Fiordland, na Fiordland ndo sababu ya safari yetu. Hifadhi ya taifa tangu 1952, zaidi ya kilomita za mraba 12,000, sehemu kubwa haina barabara wala kijiji, ni milima inayodumbukia baharini, msitu na maji. Sehemu inayofikika kwa gari ni Milford Sound, Wamaori wanaiita Piopiotahi, na hapo panapata mvua zaidi ya milimita 6,000 kwa mwaka. Upepo wa magharibi unakuja na unyevu wa bahari nzima, unagonga ile safu ya milima ya Alps ya Kusini, unamwaga kila kitu upande wa magharibi, halafu unavuka mkavu upande wa pili, ndo maana Alexandra, ambayo kwenye ramani haiko mbali hivyo, inapata kama milimita 350 tu. Ndani ya kisiwa kimoja, siku hiyo hiyo, unaweza kutoka kwenye nyasi za njano kavu ukaingia kwenye msitu uliofunikwa kuvumwani na ukungu wa mvua.

Watu wengi wanasoma hizo milimita wanaogopa. Mimi nakwambia usiombe siku kavu Milford. Mvua ikinyesha zile kuta za mawe zinatoka maporomoko ya maji mamia kwa mamia, ya muda tu, yanakuja na mvua na yanaisha nayo. Maporomoko ya kudumu ni machache, Lady Bowen na Stirling ndo makubwa, yana zaidi ya mita 150 kila moja. Na hayo maji ya mvua yakishuka yanabeba rangi ya majani ya msituni, meusi kama chai ya rangi, yanatanda juu ya maji ya chumvi bila kuchanganyika haraka, yanazuia mwanga, basi viumbe vya kina kirefu kama matumbawe meusi vinadhani viko chini sana vinaota karibu na juu. Hicho kitu kilinifanya nikae kimya nikikisoma.

Ila mvua hiyo hiyo inafunga barabara. Mwanzoni mwa Februari 2020 ilinyesha zaidi ya milimita 1,000 ndani ya siku mbili na nusu hivi, barabara ya Milford ikabebwa vipande, njia za miguu zikaharibika, mamia ya watalii wakakwama mpaka wakatolewa kwa helikopta. Na huo ulikuwa mwezi wa kiangazi cha kule. Majira yao ya baridi na ya machipuko kuna hatari ya poromoko la theluji, barabara inafungwa kwa tahadhari na kuna siku lazima uwe na minyororo ya tairi kwenye gari. Kutoka mji wa Te Anau mpaka Milford ni kama kilomita 120, katikati unapita Homer Tunnel, shimo la kilomita 1.2 kwenye mwamba lililoanza kuchimbwa 1935 likafunguliwa 1954, na sehemu kubwa ya njia mtandao wa simu hakuna. Mafuta jaza Te Anau, chakula nunua Te Anau.

Kwa hiyo kosa moja naliona kwenye ratiba nyingi za watu: wanalala Queenstown, wanakwenda Milford na kurudi siku moja, kama saa nne kwenda na saa nne kurudi, wamelipia boti ya saa fulani, na wana siku hiyo hiyo tu. Barabara ikifungwa siku hiyo basi wamekuja mwisho wa dunia wakaikosa sehemu waliyoijia. Sisi tunaweka kambi Te Anau. Tunakaa pale siku kadhaa, na katika hizo kuna siku ambazo kwenye daftari la dada hazijaandikwa kitu, ameziacha wazi ingawa mkono ulimwasha kuzijaza. Tunaangalia utabiri wa hali ya hewa wa MetService kila asubuhi, barabara ikiwa wazi tunakwenda, ikifungwa tunakaa. Na Te Anau penyewe pana vya kuona, pana bustani ya ndege kandokando ya ziwa ambapo unaweza kumwona takahē, ndege wa bluu na kijani mwenye mdomo mwekundu, mnene, haruki. Huyo alihesabiwa kuwa ametoweka kabisa, mpaka Novemba 1948 daktari mmoja, Geoffrey Orbell, akapanda milima ya Murchison ng'ambo ya ziwa hilo hilo la Te Anau akawakuta. Siku nzima ya mvua kwa ajili ya kumwangalia huyo ndege, mimi naona ni siku nzuri.

Kutembea kwa miguu sasa. Idara ya uhifadhi ya kule, wenyewe wanaiita DOC, inatunza vibanda vya kulala zaidi ya 900 milimani na misituni, nchi nzima. Njia maarufu zinaitwa Great Walks, na Milford Track ndo inayogombewa kuliko zote: kilomita 53.5, siku nne, unakwenda upande mmoja tu, wanaotembea bila kampuni wanaruhusiwa 40 kwa siku, kuweka hema hakuna. Unalala kibanda cha Clinton, kisha Mintaro, unavuka Mackinnon Pass, unashukia kibanda cha Dumpling, na njiani kuna maporomoko ya Sutherland yenye urefu wa mita 580. Nafasi za msimu mzima, mwisho wa Oktoba mpaka Aprili, zinafunguliwa kwa siku moja na zinaisha kwa dakika, sio kwa saa. Wageni wanalipa zaidi kuliko wenyeji na naona ni haki yao. Ukikosa usilie, kuna Kepler, kilomita 60, inaanzia na kuishia jirani na Te Anau kwa hiyo hauhangaiki na usafiri, na inapita juu kabisa ya mstari wa miti ambako unaona ziwa lote chini. Kuna Routeburn pia, kama kilomita 32, fupi na nzuri, ila inaanza upande mmoja na kuishia mwingine, kuzunguka kwa gari ni mbali mno, unahitaji basi.

Kwenye vibanda hivyo unakuta kitanda cha mbao na godoro, kwenye msimu kuna na jiko la gesi, lakini sufuria, chakula na begi la kulalia ni juu yako, na takataka zote unarudi nazo. Juu kule kuna kea, kasuku wa milima yenye theluji, mwenye akili sana na mtundu, anafungua zipu za mabegi, anavuta mpira wa madirisha ya gari. Usimpe chakula hata akikuangalia vipi. Akizoea chakula cha watu anasogea kwenye magari na nyumba, anakula vitu vya kumdhuru, anakufa.

Na mito. Karne ya 19 walowezi wengi walikufa maji wakivuka mito kiasi kwamba kuzama kukaitwa kifo cha Nyuzilandi. Milima ni mirefu, mito ni mifupi na inateremka kwa kasi, mvua ikinyesha juu mto unajaa haraka, kijito ulichokivuka asubuhi kwa kuruka mawe mchana kinakubeba. Uzuri wake unapungua haraka pia, ukisubiri saa kadhaa au ukalala kibandani siku ya ziada unavuka salama. Sasa rudi kwenye ratiba: mtu mwenye ndege kesho asubuhi hasubiri. Atajaribu kuvuka. Hapo ndo naona siku zilizoachwa wazi ni vifaa vya usalama kabisa, vinakaa pamoja na koti la mvua. Halafu kuna kifaa kidogo cha kuomba msaada kwa satelaiti, kinakodishwa kwenye miji ya huko, unakibonyeza ukiwa umeshikika kweli kweli, na kabla ya kuingia msituni unamwachia mtu unayemwamini njia yako, siku ya kutoka na saa ambayo asipokusikia apige 111, namba ya dharura ya kule. Sitaki dada aingie njia yoyote bila hivyo viwili, na yeye amekubali.

Usubi lazima niutaje. Fiordland kuna usubi wa kung'ata, mdogo, mweusi, na ulipokung'ata panawasha mpaka usiku. Mwisho wa Milford Track panaitwa Sandfly Point, panaitwa kwa jina la huo usubi. Wamaori wanasimulia kwamba baada ya zile fiodi, ghuba nyembamba za bahari kati ya milima, kuchongwa, Hine-nui-te-pō, mama wa usiku na mauti, aliona ni pazuri mno kiasi kwamba binadamu wakifika hawataondoka, basi akauachia usubi ili wasikae sana. Mikono mirefu, soksi, dawa ya kupaka, na kutembea bila kusimamasimama, maana upepo na mwendo unausumbua. Usiku wa giza kabisa unapumzika.

Wakati gani wa kwenda. Majira yako kichwa chini miguu juu ukilinganisha na kaskazini ya dunia: kiangazi ni Desemba mpaka Februari, baridi ni Juni mpaka Agosti. Desemba na Januari wenyeji wenyewe wako likizo, vyumba bei juu na vibanda vimejaa, ila mchana ni mrefu, kule kusini jua linazama saa tatu na nusu usiku. Sisi tunalenga mwisho wa Februari au Machi, hewa mara nyingi imetulia kidogo na watoto wamerudi shule. Jua la kule ni kali kuliko linavyohisi mwilini, hata siku ya baridi, kofia na mafuta ya jua usiache. Na nguo za sufu za kuvaa ndani, pamba inalowa haikauki.

Hela nitapita haraka. Tiketi ya ndege ndo inakula nusu ya bajeti. Kuna tozo ya wageni ya dola 100 za Nyuzilandi tangu Oktoba 2024, inakwenda kwenye uhifadhi na miundombinu ya utalii. Kama pasipoti yako inahitaji viza unaomba kwa intaneti, na wataangalia kama una hela ya kujikimu, dola 1,000 kwa mwezi, au 400 ikiwa malazi yameshalipiwa. Omba mapema. Gari unaendesha kushoto, leseni iwe ya Kiingereza au uwe na tafsiri. Kulala kwenye gari popote unapopenda hairuhusiwi kama watu wanavyodhani, gari lazima liwe na choo chake na kibali, na kila halmashauri ina masharti, faini ipo. Kambi za DOC ni rahisi na ziko sehemu nzuri kuliko hoteli, kwa nini uhangaike.

Aoraki tutapita tukitokea Christchurch. Mita 3,724, mlima mrefu kuliko yote kule, na kwa Ngāi Tahu, kabila la Wamaori wa kusini, ni babu yao, wanaomba wapandaji wasikanyage kile kilele chenyewe. Sisi hatupandi, tunakwenda kutembea bondeni na kuangalia nyota, eneo lile tangu 2012 linalindwa dhidi ya mwanga wa taa.

Kilichobaki kubishaniwa ni Rakiura. Dada anaona ni mbali mno, unafika Bluff mwisho wa barabara halafu feri ya saa moja kwenye mlangobahari wa Foveaux ambao mawimbi yake hayana adabu. Mimi ndo nataka hasa. Watu kama 400 tu, barabara chache za lami, asilimia 85 hivi ya kisiwa ni hifadhi ya taifa, na kiwi wa kule ni wengi kuliko watu, tena wa Rakiura wanatembea wakati mwingine hata mchana. Karibu yake kuna Ulva, kisiwa kidogo kilichosafishwa panya, ambako kabla ya kushuka kwenye boti unakagua begi na soli za viatu tena kwa mara nyingine. Kākāpō hatutamwona, visiwa vyao vimefungwa kwa umma na ni sawa kabisa. Lakini usiku, msituni, kumsikia kiwi akilia... dada alisikiliza sauti yake juzi kwenye simu, akairudia, akaniuliza feri inaondoka saa ngapi.

Basi tumegawana kazi. Yeye anashika viza, nauli na bima, bima isome vizuri kama inalipa helikopta ya kukutoa mlimani. Mimi nashika vibanda: akaunti ya DOC imeshafunguliwa, kadi imehakikiwa kwamba inalipa nje, tarehe tatu mbadala zimeandikwa, na siku wakifungua nafasi nitakuwa mbele ya kompyuta kwa saa za Nyuzilandi, hata ikiwa ni usiku wa manane. Milford Track ikiisha kabla sijabonyeza, nachukua Kepler.